Vifuniko vya Kijani

"Sitii sahihi," mwanamke alisema, akaisukuma karatasi mpaka ikaanguka sakafuni upande wa mkuu wa kituo.

Mkuu wa kituo aliinama kuiokota, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Alikuwa mtu mwenye haraka ya kufunga majalada, na hili la fundi wa matairi aliyekufa kazini aliliona limejifunga lenyewe. Chakula cha mchana kilipikwa na mke. Mke na mume waligombana asubuhi ile ile, mtaa mzima ukasikia. Mume alikula, akajilaza, hakuamka. Hapo kuna cha kupeleleza?

"Mama, ukikiri mwenyewe hakimu atakuonea huruma."

"Huruma ya kazi gani? Mume wangu mmemzika mimi nikiwa ndani. Mwanangu amechukuliwa na kaka wa marehemu, anafundishwa kuniita muuaji. Mmebakiza nini cha kunihurumia? Sitii sahihi. Mkitaka, nikateni mkono muutie wino wenyewe."

"Jioni unashtakiwa kwa mauaji, kwa sahihi au bila sahihi." Mkuu alimgeukia Inspekta, aliyesimama kando ya dirisha. "Una mpaka jioni. Na usiniletee hadithi."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mvi zimeanza kumchungulia utosini, na kituoni walikuwa na msemo wao juu yake: ukimwambia mlango umefungwa, atakuuliza dirisha liko wapi. Alingoja mkuu atoke. Kisha akavuta kiti, akaweka mezani hotpoti ndogo ya plastiki yenye karatasi ya kielelezo ubavuni.

"Hiki chako?"

"Changu." Mwanamke alikifungua, akakinusa, akapitisha kidole ndani. Uso wake ukabadilika. "Nani amekiosha?"

"Kimeletwa hivi hivi kutoka gereji."

"Dada yangu, nimeishi na yule mtu miaka. Alikuwa na nguvu za kuinua ubavu wa gari, ndiyo maana wakamwita Jeki. Lakini chombo hakuwahi kuosha hata siku moja. Kilikuwa kinarudi nyumbani na mabaki yamegandamana, ninayabandua kwa kisu. Hata asubuhi ile tuligombana kwa sababu hiyo hiyo! Leo afe, halafu aamke aoshe?"

"Alikuwa akila saa ngapi?"

"Akishaamka. Jeki alikuwa halali ameshiba, anasema shibe inamkaba. Analala kwanza, halafu anakula."

Inspekta alikifunika chombo. Kama marehemu alilala kwanza asiamke, basi hakula. Na kama hakula, kuna mtu aliyetaka ionekane amekula. Huyo hakuwa mke, maana mke alikuwa nyumbani.

Kabla hajaondoka alimpigia simu daktari aliyeupasua mwili. Daktari alirudia yale yale aliyoyaandika: sumu hakuiona, moyo mzima, kichwa kizima. "Sijui nikwambieje, Inspekta. Ni kama mtu aliyesahau kupumua."

*

Gereji ya matairi ilikuwa kwenye kona ya barabara kuu. Ukuta wake ulipakwa rangi ya kijani na kuandikwa kwa herufi za kutisha: NAITROJENI HALISI, SAHAU UPEPO WA BURE. Inspekta aliifahamu vizuri. Mwezi uliopita alileta kigari chake hapa kuongezwa upepo, akajazwa na maneno pia: naitrojeni haina unyevu, haipungui upesi, tairi halichemki safarini. Alilipa, wakamfungia vifuniko vya kijani kwenye midomo ya matairi yote manne, ili kila mwenye macho ajue ndani yake hamna upepo wa bure. Hata magari ya kituo yalikuwa navyo. Mwenye gereji aliyajaza kwa hisani, na mkuu hakuacha kujisifu.

Mwenye gereji, ambaye wafanyakazi wake walimwita Tajiri, alimpokea mlangoni akiwa na shati jeupe lililonyooshwa mikunjo ikasimama. Katika gereji nzima hilo ndilo shati pekee lisilo na doa.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa, ingawa hii ilikuwa kazi ya mtu."

"Alikutwa wapi?"

"Pale kwenye benchi. Alikula, akajinyoosha. Tukadhani amelala tu."

"Alikimaliza chakula?"

"Mpaka akalamba. Chombo kilikuwa cheupe."

"Cheupe kwa kulambwa, au kwa kuoshwa?"

Tajiri aliitazama saa yake ya mkononi. "Mafundi wangu ni wasafi, Inspekta. Uliza uwanjani."

Inspekta aliuliza uwanjani. Fundi aliyebaki alikuwa mmoja, mwembamba, jina la utani Spana, naye alikuwa amejilaza chini ya gari ambalo halikuwa na ubovu wowote chini. Inspekta alichuchumaa, akamwonyesha hotpoti.

"Nani alikiosha hiki?"

Miguu ya Spana ikajivuta ndani zaidi chini ya gari.

"Toka huko, tuongee kama watu."

Walikwenda nyuma, penye rundo la matairi mabovu. Spana alijipangusa mikono muda mrefu kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nilikiosha mimi. Na chakula... chakula nilikula mimi, afande."

"Wewe?"

"Tajiri alinituma nimwage, nikioshe chombo. Nikakifungua huku nyuma. Kilikuwa kimejaa, hakijaguswa, moto bado. Jeki alikuwa akinigawia kila siku, mke wake anapika cha watu wawili kwa sababu yangu. Nani anamwaga chakula cha shemeji? Nikasema Jeki hawezi kunikasirikia. Nikala huku nalia." Sasa alikuwa akilia tena. "Jioni nikasikia kina sumu. Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikavaa shati safi, nikalala chali."

"Kwa nini?"

"Nikingoja kufa."

"Ulipoamka?"

"Nikaja kazini."

Inspekta alimtazama mpaka Spana akainamisha kichwa. Hasira ilimpanda na hakuificha. "Uliamka mzima. Ukajua chakula hakina kitu. Mke wa rafiki yako yuko ndani, mtoto wake amenyang'anywa, nawe ukaja kazini!"

"Tajiri alisema nikifungua mdomo, atasema mimi ndiye muuaji. Maana mimi ndiye niliyemkuta."

"Benchini?"

Spana aligeuza macho kuelekea mlango mdogo wa chuma uliokuwa karibu na kompresa.

*

Chumba kile wenyewe walikiita chumba cha mitungi. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba watu watatu wakiingia, mmoja lazima amkanyage mwenzake. Hakikuwa na dirisha. Mitungi miwili mirefu ilisimama pembeni, na paipu yake ilikuwa na kipini cha kubana mwishoni, nayo hupitishwa kwenye tundu la ukutani kwenda uwanjani inapohitajika. Wakati huu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Inspekta aliangalia nyuma ya mitungi. Palikuwa na katoni iliyotandazwa sakafuni, upande mmoja ina doa la mafuta ya kichwa. Kwenye kipini cha paipu ulining'inia ukanda mwembamba wa mpira, uliokatwa kwenye tyubu kuukuu.

Aliuzungusha ukanda ule kwenye kipini, akakaza. Paipu ikaanza kupuliza yenyewe, polepole, shiii, bila kushikwa na mtu. Akaulegeza haraka, akafungua mlango wote.

"Mlikuwa mnalala humu."

"Kwa zamu," Spana alisema. "Huko uwanjani bati linatuchoma, afande. Humu unafunga mlango Tajiri asikuone, unaibana paipu ikupulizie kidogo. Ni feni ya mafundi. Upepo mtamu, wa baridi. Siku ile ilikuwa zamu ya Jeki. Alipochelewa nikaja kumwamsha. Paipu inapuliza, yeye amelala kwa raha kabisa, anatabasamu. Tajiri akaniamuru tumbebe mpaka benchini."

Inspekta alimpigia tena daktari. Alimuuliza swali moja tu. Daktari akasema ndiyo. Naitrojeni ikijaa kwenye chumba kilichofungwa, inaisukuma nje ile hewa inayotuweka hai. Haina harufu, haikabi koo, mtu hakohoi. Analala tu, na mpasuaji hapati kitu cha kuonyesha.

Inspekta alikuwa bado ameshika simu pale kivuli kilipoziba mlango. Tajiri alikuwa amesikia ya kutosha, na sasa hakuwa na haja ya adabu.

"Muulize na hili," alisema. "Muulize hawa wamelala humu kwa muda gani."

Spana alijikuna shingo. "Mwaka. Tangu gereji ifunguliwe."

"Mwaka!" Tajiri alipiga makofi. "Wavivu hawa nimewakataza mpaka nimechoka. Mlango huu nimeupiga mateke mara ngapi? Mwaka mzima wanalala, wanaamka, wanakula. Halafu siku moja mke anagombana na mumewe, na siku hiyo hiyo mume anakufa, na wewe unashika mtungi wangu! Kama upepo wangu unaua, hawa wangekwisha zamani."

Hoja ilikuwa nzito, na Inspekta hakujidanganya. Hata yeye angekuwa hakimu angeuliza hivyo hivyo. Mkuu wa kituo angeliuliza na kucheka juu.

"Na upepo wenyewe haukubadilika?" aliuliza. "Siku hiyo na siku nyingine ni mmoja?"

"Naitrojeni yangu ni ile ile tangu siku niliyofungua. Hii iliyomo mtungini ndiyo iliyomo kwenye matairi yako, na ya mkuu wako."

"Utalisema hilo mbele yake?"

"Mbele ya yeyote. Mlete!"

"Nitamleta," Inspekta alisema. Alimpisha Tajiri, akamvuta Spana kando ya kompresa. "Siku ile. Nini hakikuwa kama siku zote? Usifikiri, sema."

"Hakuna, afande. Lilikuja gari la kampuni ya kusambaza dawa. Wana magari mengi, wanataka yote yajazwe hapa. Walikuja na mhandisi wao, ana kidude cha kupimia upepo. Basi." Kisha, katikati ya machozi, akacheka kidogo. "Ila Tajiri alishika spana."

"Nani?"

"Tajiri! Hajui hata inashikwa upande gani. Tulipofika asubuhi tulimkuta mle chumbani peke yake, shati limechafuka mpaka kwenye kola, anafunga mitungi mipya. Jeki alimtania sana. Tajiri akatuambia tumwache."

Inspekta aliuzunguka ukuta. Nyuma ya chumba, kutoka kwenye kompresa, lilitoka bomba jembamba lililoingia ukutani, usawa wa mitungi. Lilikuwa limekatwa, na mdomo wake umezibwa kwa utepe mweusi ambao haujapata hata vumbi. Kwenye ukuta, palipokatwa, palibaki mstari safi ambao bomba liliufunika kwa mwaka mzima.

Alirudi kwenye kigari chake, akainama kuvitazama vile vifuniko vya kijani. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia na ndiyo kwanza gunia linafunguka.

*

Mkuu wa kituo alikuja na gari lake na uso uliokunjwa. Alikuja pia na konstebo mmoja na kaka wa marehemu, aliyeshinda kituoni tangu asubuhi akidai mashtaka. Walimkuta Inspekta amepanga vitu vyake juu ya pipa: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipande cha ubao cha kuifunikia, paipu nyembamba, na mshumaa mfupi uliofungwa kwenye waya.

"Umeacha upelelezi, sasa unafanya mazingaombwe?" mkuu aliuliza.

"Mkuu, kwanza naomba Tajiri aseme alichoniambia."

Tajiri alisema, tena kwa sauti, kifua mbele. Naitrojeni yake ni moja tangu alipofungua. Ya mtungini ndiyo ya kwenye matairi.

"Vizuri." Inspekta aliwasha mshumaa, akaushusha ndani ya chupa tupu. Uliwaka. "Hii ni hewa ya hapa uwanjani, tunayovuta sote." Akautoa. Akaingiza paipu nyembamba mpaka chini ya chupa, akaiunganisha na paipu ya mtungi, akaacha upepo uingie polepole, asije akaambiwa mshumaa ulizimwa kwa kupulizwa. Akafunika kwa ubao, akangoja utulie, akafunua kidogo, akashusha mshumaa.

Ulizimika. Haukupepesa. Ulizimika tu, moshi ukabaki umening'inia.

"Naitrojeni," Inspekta alisema. "Halisi kabisa, hongera. Moto haupati pumzi humo. Wala mtu hapati."

Alitikisa chupa, akaipeperusha mpaka hewa ikaingia. Akachuchumaa kwenye kigari chake, akafungua kifuniko cha kijani, akaunganisha paipu, akajaza chupa kwa upepo wa tairi lake mwenyewe kwa utaratibu ule ule. Kioo kilifanya ukungu ndani. Akashusha mshumaa.

Uliwaka.

Uliendelea kuwaka kwa furaha, kama mshumaa wa mezani. Mkuu wa kituo alisogea mpaka pua ikakaribia chupa.

"Fanya langu," alisema kwa sauti ndogo.

Gari la mkuu lilikuwa na vifuniko vinavyong'aa kuliko vyote. Mshumaa ukawaka tena, na mkuu akavitazama vile vifuniko kwa namna ambayo Inspekta hakuwahi kumwona akimtazama mhalifu yeyote.

"Ni... ni tairi moja tu," Tajiri alianza. "Labda vijana walikosea..."

"Tajiri, bomba la kompresa lililokatwa nyuma ya ukuta huu lilikatwa na kijana gani? Spana anasema siku ile aliyeshika spana ni wewe." Inspekta alisimama, akajifuta magoti. "Mwaka mzima umewauzia watu upepo wa bure ukauita naitrojeni. Mitungi ilikuwa pambo. Mafundi wako walilala kwenye upepo wa kompresa, wakaamka, maana ulikuwa hewa kama hii. Halafu akaja mhandisi na kidude chake, ikabidi siku hiyo usidanganye. Ukaleta naitrojeni ya kweli. Ulijua wanalala humu, umesema mwenyewe mlango umeupiga mateke. Lakini ungewaambiaje? 'Jamani, leo msilale, leo siibi'?"

"Ni upepo!" Tajiri alipiga kelele, na shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongo mzima. "Upepo tu! Nani amewahi kufa kwa upepo?"

"Mdogo wangu," kaka wa marehemu alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya wote, na mkono wake ulikuwa ukiutafuta ukuta. Inspekta alimwona akihesabu moyoni aliyoyatenda: matusi mbele ya kituo, mtoto aliyemtoa mikononi mwa mama yake.

"Ulijua amekufa kwa nini," Inspekta alimwambia Tajiri. "Ndiyo maana ukambeba, ukamwagisha chakula, ukaoshesha chombo, ukamwacha mke wa mtu aozee ndani. Bila hayo ningesema ni uzembe. Sasa nitasema mengine. Konstebo, mfunge pingu."

Tajiri alimtazama mkuu wa kituo, rafiki yake wa hisani. Mkuu alikuwa amechuchumaa, akifungua vifuniko vya kijani kimoja kimoja na kuvitia mfukoni kama ushahidi.

*

Jua lilikuwa bado halijatua waliporudi. Mkuu wa kituo mwenyewe alimfungulia mwanamke, akakohoa, akasema yameisha, anaweza kwenda. Akaongeza kwamba kuna mlango wa nyuma, huko hakuna watu.

"Wa nyuma wa nini?" Mwanamke alikuwa akijifunga upya kitambaa chake kichwani, bila haraka. "Mliniingiza kwa mlango wa mbele, nimeshikwa huku na huku, mtaa unaangalia. Nitatokea huo huo. Na ile karatasi yenu nileteeni."

"Ya nini tena, mama?"

"Igeuzeni upande wa pili. Nataka kuandikisha mashtaka ya kifo cha mume wangu. Hayo nitayatia sahihi."

Inspekta alimwandikia mwenyewe. Mwanamke aliisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, akatia sahihi kubwa iliyokata mstari, akaichukua hotpoti yake mezani. Inspekta alisema bado ni kielelezo. Mwanamke alisema watakuja kukiomba nyumbani kwake kwa adabu, na Inspekta akamwacha.

Nje, barazani, kaka wa marehemu alikuwa amemshika mtoto mkono. Alifungua mdomo kuomba radhi, maneno yakamkataa. Mwanamke alimchukua mwanawe bila kumjibu. Radhi ingekuwa na siku yake, na siku hiyo asingeipanga yeye kaka mtu.

Akasimama mbele ya Spana, aliyekuwa amejikunja kwenye ngazi.

"Nasikia chakula ulikula wewe."

"Nisamehe, shemeji."

"Asubuhi ile nilipika na hasira. Sikuonja." Aliinua hotpoti usawa wa macho yake. "Kilikuwa na chumvi?"

Spana aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. "Kilikuwa kitamu, shemeji. Haki ya Mungu, kilikuwa kitamu."

"Basi hivyo hivyo," mwanamke alisema. "Siku ya mahakama utasimama mbele ya yule mtu, useme hivyo hivyo. Kwa sauti. Mwanangu asikie."